Mbabula Ndani ya Mashua

Bwana wa ziwa letu na wa bahari zote asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa pumzi hii ninayoitumia kusema nanyi, maana ilibaki kidogo tu niikose.

Ninaitwa Espoir, mzaliwa wa Keshero, hapa Goma, mtoto wa kwanza wa Mama Espoir, yule anayeuza makala, makaa ya kupikia, kule Katindo. Mchungaji alinipa dakika kumi za kusema mbele yenu. Nilimwambia kwamba mambo aliyonitendea Mungu hayaingii katika dakika kumi. Ndiyo sababu nimeyaandika, ili yeyote aliyekosa ibada ayasome kwa utulivu nyumbani.

Kwanza mjue ni nani anayewaandikia. Niliondoka Goma na mfuko mmoja mgongoni. Sikuwa na mjomba Ulaya wala shangazi wa kunipokea. Nilifika katika mji mdogo wa pwani, magharibi ya Ufaransa, nikaanza kwa kukwangua matumbo ya mashua. Zinatolewa majini zikiwa zimeota kome na majani, nawe unalala chini yake na chuma mkononi, na maji machafu yanakuingia mpaka kwapani. Miaka mitatu nilifanya hivyo. Jioni nilisoma. Nilifanya mtihani wa kuendesha mashua za tanga nikiwa peke yangu kutoka Afrika katika darasa lile, nikawa wa pili. Aliyenishinda baba yake alikuwa na mashua mbili. Diplome yangu iko salon kwetu, ndani ya kioo, na mgeni akiketi kunywa chai lazima aione. Sitajifanya mnyenyekevu kuliko nilivyo: katika avenue yetu hakuna mwingine mwenye karatasi kama ile, na nafikiri hata katika mji mzima mtaitafuta sana.

Basi ndugu zangu, mtu akiwa amejijenga hivyo kwa mikono yake, anaanza kuamini kwamba mikono ilikuwa yake peke yake. Huo ndio ugonjwa wangu ulipoanzia.

Mnajua nilikuwa nikisema nini kule, mtu akiniuliza mama yangu anafanya kazi gani? Nilisema, «Yuko katika sekta ya énergie.» Nilisema neno hilo, nishati, kwa sauti ya mtu ambaye mama yake ana ofisi na gari. Mama yangu, ambaye mnamwona kila siku na kucha nyeusi zisizokubali sabuni! Mama aliyepokea magunia kutoka Masisi tangu nikiwa mgongoni mwake, akayapima kwa vikopo barabarani, nami nikavaa viatu vya shule kwa vikopo hivyo.

Na alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinitia haya tangu utoto. Kila mteja, awe mkubwa au mdogo, awe amenunua gunia au kikopo kimoja, kabla hajaondoka mama alimwambia, «Washia inje.» Mteja anachukua makala, anageuka, na mama anamfuata kwa sauti: «Washia inje, mama! Unasikia?» Wengine walimcheka. Kulikuwa na askari mmoja wa kambi aliyekuwa akimwambia yeye kwanza, hata kabla ya kununua: «Nitawashia inje, mama, nipe makala yangu!» Mimi nilikaa nyuma ya magunia na daftari langu, nikatamani ardhi inimeze. Nilidhani anaogopa nyumba zetu za mbao zisishike moto. Sikuwahi kumuuliza. Mtoto wa shule angemuuliza nini mwanamke aliyeacha masomo darasa la tatu?

Kila Jumapili baada ya ibada ya pili, mama alinipigia simu akiwa bado katika uwanja wa kanisa. Alipiga kelele kama anataka sauti ifike Ulaya bila msaada wa simu. Alinieleza bei ya gunia, mvua, nani amezaa, na mwisho aliniuliza nitarudi lini. Siku moja alisema hayo yote nikiwa nimesimama kati ya watu wa bandari, na sauti yake ikisikika kwa wote, ingawa hawakuelewa Kiswahili. Hata hivyo niliona haya. Tangu siku hiyo sikujibu tena. Jumapili saba, ndugu zangu! Simu iliita, jina «Mama» likaonekana, nami nikageuza simu kifudifudi.

Sasa nawapeleka baharini.

Kulikuwa na mzee mmoja katika mji ule, jina lake Gaston, mwenye miaka sabini na minne, fundi saa aliyestaafu. Alikuwa na mashua yake ya tanga, ndogo, yenye chumba kimoja ndani: vitanda viwili, jiko dogo la gesi, meza ya kukunja. Alitaka kuishusha kusini, kufuata pwani ya Ufaransa, Hispania na Ureno, mpaka kule jua linakobaki, akakae msimu wa baridi kwa dada yake. Wenye akili walikuwa wameondoka mwezi wa tisa. Yeye alichelewa kwa sababu ya goti lililopasuliwa na madaktari. Alipopona, majani ya miti yalikuwa yameanguka, mvua ya baridi imeanza, na hakuna aliyekubali kwenda naye. Nilikubali mimi. Alisoma diplome yangu akiwa na miwani yake ya kutengenezea saa, akaniuliza, «Umetoka wapi kabla ya hapa?»

Nikamjibu, «Nimetoka Goma, muzee. Tuna ziwa mbele na volkano nyuma. Hakuna kitu cha maji wala cha moto ambacho sijakiona.»

Akasema, «Vizuri. Mimi nimeona saa tu.»

Tukang'oa nanga mwezi wa kumi na moja. Ndugu zangu, lazima niseme ukweli, safari ile ilikuwa nzuri hata katika ubaya wake. Mchana ulikuwa mfupi, na kila siku ulizidi kufupika, na sisi tulikuwa tukikimbilia kusini kama watu wanaofuata jua linaloondoka bila kuwangoja. Pwani ilikuwa upande wa kushoto: miamba ya rangi ya majivu, minara ya taa, hoteli zilizofungwa, fukwe ndefu bila mtu. Hakuna nyimbo kama zile za wavuvi wetu wa sambaza, dagaa wa kwetu. Upepo ukiwa mzuri, mashua iliinama upande mmoja ikakata maji, na mimi kwenye usukani nilijisikia kwamba Mungu mwenyewe ananitazama na kusema, «Yule ni Espoir.» Nisameheni, lakini nilifikiri hivyo kabisa.

Tulikwenda bandari hadi bandari. Tulipofika kona ya Hispania, upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka kusini, usoni mwetu, pamoja na mvua. Mashua ya tanga haiwezi kubishana na upepo wa namna hiyo. Tukaingia katika mkono wa bahari unaopenya kati ya milima, mahali palipofanana sana na kona zetu za ziwa Kivu kule upande wa Minova, nikatupa nanga, tukasubiri. Mbele yetu kulikuwa na kijiji cha wavuvi, si mbali. Kijani cha milima, ukungu juu ya maji. Nilitazama nikakumbuka nyumbani, nikakasirika na moyo wangu kwa kukumbuka.

Siku ya kwanza ya kungoja, mashine ya kupasha joto ikafa. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Muzee Gaston alikuwa akitetemeka ndani ya blanketi mbili, midomo yake imekuwa ya rangi ya bluu. Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipoona nafasi ya kuonyesha mtoto wa Goma ni nani.

Nilienda kijijini na mtumbwi wetu wa mpira, nikanunua mfuko wa makala ya kuchomea nyama. Nikachukua kopo kubwa la rangi lililokwisha, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikaweka mawe chini na vyuma juu. Mbabula, jiko letu la makala! Ilitoka safi kabisa, hata mafundi wa mtaa wetu wa Birere wasingeiona kasoro. Niliwasha moto juu ya mashua, na moshi ulipokwisha na makala yakawa mekundu, nikaiingiza ndani.

Muzee akaitazama. «Unaniletea jiko la nyama ndani ya mashua yangu?»

«Muzee, kwetu baridi ya mlimani tunaitibu hivi.»

«Na hewa? Kitabu cha mashua kinakataza.»

Nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka kicheko cha mtu mwenye diplome! Nikamwambia, «Muzee, usinifundishe habari ya hewa. Mimi nimezaliwa mahali ambapo hewa inaua mbuzi.» Nikamweleza mazuku. Nikamwambia kwamba kwetu, kando ya ziwa na katika mashimo ya lava, kuna hewa nzito inayotoka ardhini, haionekani, inakaa chini kama maji. Mbuzi anashuka shimoni kula majani, haondoki tena. Mtoto akimfuata, naye anabaki. Nyuma ya parcelle yetu, kiwanja cha nyumba yetu, kulikuwa na shimo kama hilo, na bibi yangu alinifundisha kuwasha kiberiti na kukishusha polepole. Kiberiti kikizimika, pale kuna mazuku, rudi nyuma. Kikiwaka, pita.

Basi mbele ya muzee nikawasha kiberiti, nikakishusha mpaka sakafuni mwa mashua. Kikawaka vizuri, moto umesimama wima. Nikakipeleka chini ya vitanda. Kikawaka. Nikasema, «Umeona? Hewa ni safi.»

Muzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa saa ya ajabu. «Sikulijua hilo,» akasema. Akanyoosha mikono yake juu ya mbabula, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Akaniamini. Andikeni hilo mahali, kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ukutani kulikuwa na kengele ndogo ya kuonya hewa ikiharibika, chombo cheupe kama sahani ya chai. Muzee alipopitiwa na usingizi, kengele ikaanza kulia. Nikajiambia, chombo hiki kimetengenezwa na watu wasiojua mbabula, kinalilia moshi kidogo tu. Nikakifungua, nikatoa pile yake, betri yake ndogo, nikaitia mfukoni. Muzee hakuamka. Sikumwambia. Siku hiyo mlango wa juu ulikuwa wazi nusu, ndiyo maana hatukufa siku hiyo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mvua ilipiga kutoka ubavuni, ikawa inaingia mlangoni. Baada ya chakula cha mchana niliiingiza mbabula tena, nikafunga mlango wa juu. Upepo ukawa unapiga filimbi katika matundu mawili ya hewa, nami nikayaziba kwa soksi. Nikashusha kiberiti changu. Kikawaka. Muzee alijilaza. Mashavu yake yakapata rangi nyekundu nzuri, nikasema moyoni, tazama jinsi ninavyomtunza. Mimi niliketi mezani na ramani ya pwani, nikipima njia ya kwenda Ureno.

Kichwa kikaanza kuniuma. Nikalaumu kahawa. Namba za ramani zikawa zinatembea. Nikalaumu macho. Nikaona usingizi mtamu sana, usingizi wa kuegemea mahali palepale, nikaweka shavu juu ya ramani, juu ya bahari yenyewe. Sikuogopa chochote. Ndugu zangu, nasema hivi kwa wale wanaodhani kifo kinakuja na pembe: kile changu kilikuja na joto zuri.

Simu ikaita.

Ilikuwa imetundikwa karibu na ngazi ya kutokea, kwa sababu mtandao ulifika hapo tu, na ili kuzungumza ilibidi mtu atoke nje kabisa. Nilijua ni nani. Ilikuwa saa yake. Ikaita mpaka ikakoma, nami sikuinua kichwa. Ikaita mara ya pili, ikakoma. Ikaita mara ya tatu. Muzee Gaston, bila kufungua macho, kwa ulimi mzito kama wa mlevi, akasema, «Kijana, jibu au itupe baharini.»

Nikasimama kwa hasira. Sisemi kwamba Roho alinigusa nikajawa na upendo kwa mama yangu. Ilikuwa hasira! Nilitaka kumwambia aache kunisumbua. Lakini Mungu, ndugu zangu, siku hiyo alikuwa tayari kutumia hata hasira yangu. Nilisukuma mlango, nikapanda ngazi nne, na nilipofika juu magoti yakakataa. Nikaanguka kifudifudi kwenye mvua. Nikatapika. Simu ilikuwa mkononi, na sijui ni kidole gani kilichojibu.

«Espoir? Espoir! Ni wewe?»

«Mama…»

«Yesu! Jumapili saba! Nilisema umekufa ama umeoa muzungu! Juu ya nini unasema sawa mutu mwenye kulewa? Uko unakunywa pombe, ku siku ya Bwana?»

«Sijanywa, mama. Kichwa… miguu haina nguvu. Ni baridi. Niliwasha mbabula.»

Sauti iliyorudi ilikuwa nyingine, ya chini, ile aliyokuwa akiitumia tulipokimbia vita.

«Mbabula iko wapi?»

«Iko ndani. Lakini nilipima na kiberiti, mama. Kiliwaka. Hakuna mazuku.»

«Mazuku? We mupumbavu! Mazuku iko chini, hewa ya makala iko pote! Makala haizimake kiberiti, inazima mutu! Kuko mutu mwingine mule ndani?»

«Kuna muzee.»

«Umutoshe inje! Ngoja! Usikimbie! Unasikia mimi? Kama unaingia mbio utalala kando yake. Vuta pumzi, shika, ingia. Mbabula kwanza. Utoshe ile kitu, utupe. Kisha toka uvute pumzi tena. Kisha fungua kila mulango. Kisha muzee. Usikate simu. Niko hapa.»

Nikaiacha simu kwenye mvua, ikiwa wazi. Nikavuta pumzi kama bibi alivyonifundisha kwa mazuku, nikashuka. Hilo angalau diplome haikunifundisha, na Goma ilinifundisha vema. Mbabula sikuwa na kitu cha kuishikia. Niliishika kwa mikono. Nikapanda nayo ngazi nne, nikaitupa baharini, ikalia ndani ya maji kama mnyama. Mnaouliza kwa nini sipungi mkono vizuri wakati wa kusifu, njoni niwaonyeshe kiganja changu cha kulia. Kovu hili ni la kopo la rangi.

Nikavuta pumzi. Nikashuka tena, nikafungua dirisha la mbele, nikang'oa zile soksi, na upepo niliokuwa nimeufungia nje ukapita katikati ya chumba. Nikatoka. Nikasikia simu inasema, lakini haikuwa inasema na mimi. Ilikuwa inasema na watu wengine: «Bamama, mutoto yangu anakufa ndani ya maji, muombe! Muombe sasa!» Na nikasikia sauti nyingi zikipanda mara moja, kama mvua inapoanza juu ya mabati.

Mama wa chorale, waimbaji wetu, mnaikumbuka Jumapili ile? Mlikuwa katika uwanja huu huu, na viti vya plastiki vikiwa bado havijakusanywa. Wengi wenu hamkujua mnamwombea nani. Mlikuwa mkiniombea mimi na fundi saa mmoja asiyeamini Mungu, ambaye hamjamwona mpaka leo. Nami nilikuwa nimelala juu ya mbao zenye maji, nikizisikia sauti zenu, na nikazitambua moja moja.

Nikaingia mara ya tatu, nikamshika muzee kwapani. Alikuwa mzito kama gunia la makala lililolowa. Na ninyi hamjui, lakini mimi nimebeba magunia hayo tangu nina miaka kumi, kwa siri, asubuhi kabla ya shule, na mwili wangu ulijua namna ya kuyapandisha: goti kwanza, kisha bega, kisha unajitupa mbele. Hivyo ndivyo nilivyompandisha. Nilimlaza mvuani, uso juu. Hakusogea. Nikampigia kelele. Nikamwita jina la baba yangu kwa kuchanganyikiwa. Kisha akakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kizuri kuliko muziki.

Mwanamke mmoja wa kijiji, aliyekuwa akikusanya kome katika mashua yake ndogo, alisikia kelele zangu akaja. Hatukuelewana neno, lakini alielewa. Alitupeleka pwani, na gari la wagonjwa likafika. Muzee alikaa hospitalini siku mbili na hewa ya chupa puani. Daktari aliniambia kwa Kifaransa, «Nusu saa zaidi, mngebaki wote wawili pale mlipolala.» Kisha akaniuliza ni nani aliyegundua. Alikuwa na kalamu mkononi, akingoja kuandika. Ningeweza kusema ni mimi, nina diplome. Nikasema, «Mama yangu. Anauza makala barabarani.» Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ile maneno hayo kutoka katika kinywa changu, na dunia haikuanguka.

Usiku ule sikumuuliza mama maswali. Nilimuuliza kesho yake. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Alikuwa na dada mkubwa, kule Masisi, aliyejifungua mtoto wakati wa mvua nyingi. Mama yangu, akiwa binti mdogo, aliona dada yake anasikia baridi, akaiingiza mbabula ndani, akafunga mlango kwa huruma, akaenda kuchota maji. Aliporudi wote wawili walikuwa wamelala, dada na mtoto, na mashavu mazuri mekundu.

«Basi kila makala yenye kutoka ku mikono yangu,» akaniambia, «lazima itoke na ile neno.»

Ndugu zangu, miaka ishirini nilimsikia akisema «Washia inje», na nilidhani ni ujinga wa mwanamke wa sokoni.

Upepo wa kusini ukachoka, ukaja ule wa kaskazini, baridi na safi, ukatusukuma kutoka nyuma. Muzee Gaston alikataa kurudi nyumbani. Aliweka pile mpya katika kengele yake, akasema labda ile ya zamani ilikwisha. Nami nikamwacha aamini hivyo. Tukashuka pwani ya Ureno siku baada ya siku, tanga limejaa, mawimbi marefu yakituinua na kutushusha, jua likianza kurudi kidogo usoni. Ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za safari, na mimi sikuiona, kwa sababu pile ile ilikuwa bado mfukoni mwangu. Kitu kidogo kama kidole. Nilikaa kwenye usukani nikaigusa. Nililala nikaigusa. Kutoka ndani ya chumba kile chenye hewa mbaya nilikuwa nimeokoka, lakini mlango mwingine ulikuwa bado umefungwa, na soksi zilikuwa bado katika matundu.

Tulipofunga kamba katika bandari ya dada yake, nikaiweka pile juu ya meza mbele yake. Nikamweleza yote. Fundi saa anajua pile. Aliigeuza, akaiangalia, na mimi nilingoja anifukuze, anishitaki, achane diplome yangu.

Akasema, «Ile siku nilikuwa na kengele mbili. Moja uliizima. Nyingine iliita mara tatu.» Akanirudishia pile mkononi. «Nenda nyumbani kwa ile nyingine.»

Nikarudi, ndugu zangu. Wengine mnasema nilirudi kwa sababu Ulaya ilinishinda. Ulaya haikunishinda, muulizeni aliyekuwa wa kwanza darasani, mpaka leo yuko ofisini anauza vifaa. Nilirudi kwa miguu yangu, nimefungua atelier, karakana ya mashua, hapa Keshero, na ya kwanza yenye tanga imekwisha kushuka majini, inakwenda kisiwani Idjwi na kurudi.

Nilipofika nilimwendea mama kwenye magunia yake, nikapiga magoti palepale Katindo, katika vumbi jeusi, na suruali yangu nzuri. Nikaungama kwamba niliwadanganya wazungu eti yuko katika sekta ya énergie. Nilitegemea alie.

Akaweka kikopo chini. «Énergie? Na ile ni uongo wapi? Makala si énergie?» Akawageukia wauzaji wenzake. «Munasikia? Kumbe miye ni wa sekta! Tangu leo muniite Madame!» Wakacheka mpaka wateja wakasimama kutazama. Na katikati ya kicheko hicho mama mmoja alichukua kikopo chake akaondoka, na mama yangu akamfuata kwa sauti: «Washia inje!» Safari hii nilisimama nikaitikia pamoja naye, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Ndugu zangu wapendwa, ninamshukuru Mungu aliyenitoa. Angeweza kutuma malaika, akatumia simu ya mama yangu na hasira yangu mwenyewe. Mimi ni mtu ninayejisifu, mnajua, na sijapona kabisa. Lakini ukiniuliza leo nani alinifanya, sitasema tena ni mimi. Nawe unayesoma, uliyesoma kuliko wazazi wako, uliyefunga madirisha yako yote na kujisikia joto zuri: kuna anayekuita. Usigeuze simu kifudifudi. Mwamini yule anayeita mara ya pili na ya tatu, ufungue, hata kama unafungua kwa hasira. Hewa ya nje itafanya kazi iliyobaki.

Siku hizi ninaishi na mama katika parcelle moja. Hata hivyo kila Jumapili baada ya ibada ya pili, yeye akiwa jikoni na mimi salon chini ya diplome yangu, simu inaita, na jina «Mama» linaonekana. Kati yetu kuna hatua kumi na mbili tu. Anasikika hata bila simu.

Ninasimama, ninatoka nje kwanza, kisha ninajibu.